Hamsini au ishirini na nne? Lenzi ya kununua kwanza kwa mpigapicha wa habari Kigoma

Muulize karibu mpigapicha yeyote wa Tanzania ununue lenzi gani baada ya ile 18-55 (inayovuta kutoka milimita 18 hadi 55) iliyokuja na kamera, atakujibu kabla hujamaliza swali: nunua hamsini, yaani lenzi ya milimita 50 isiyovuta. Ni ya bei nafuu, inaona gizani, na inafifisha vitu vya nyuma mpaka uso wa mtu unajitokeza wenyewe. Kwa harusi na mahafali sina ubishi na ushauri huo. Kwa kazi ya habari ninao. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa picha iliyochapishwa, na fedha ya lenzi anaitoa kwenye matumizi ya nyumbani. Kwa mtu huyo nasema hamsini ingoje, kuna lenzi zinazostahili kutangulia, kama ile ya milimita 24.

Nitazilinganisha lenzi ambazo mtu wa huku anaweza kuzifikia akijibana, nikizipima kwa mahali tunapofanyia kazi: mwaloni, ukumbini, uwanjani na kambini. Nazungumzia kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu), yaani Canon za jamii ya 600D, 700D na 1300D, na Nikon za jamii ya D3200 na D5300, kwa sababu ndizo nyingi mikononi mwetu. Namba ya milimita ikiwa ndogo, lenzi inaona upana zaidi; ila kwenye sensa hizo kila lenzi huona eneo dogo kuliko namba yake inavyodai. Canon unazidisha kwa 1.6, Nikon kwa 1.5. Hamsini ukiifunga kwenye Canon inaona kama 80, na kwenye Nikon kama 75. Hapo ndipo ubishi wangu unapoanzia.

Mwanga wetu si mwanga wa Dar

Saa ya Tanzania ni moja kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mwisho wa reli, ila jua halifuati saa. Kwetu linachomoza na kuzama karibu dakika 40 baada ya Dar. Ukifika mwalo wa Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi na wachuuzi wakigombea ndoo, bado hakujapambazuka sawasawa. Hata jua likichomoza, vilima vilivyo nyuma ya mji vinalichelewesha kuufikia ufukwe. Biashara yote ya mwaloni, ile yenye nyuso na mikono na kelele, inafanyika kwenye mwanga hafifu. Jua likishapanda vizuri, wengi wameondoka na umebakiwa na dagaa walioanikwa.

Jioni mambo yanageuka kuwa faida. Mechi inayoanza saa kumi jioni Kigoma inachezwa kwenye mwanga mzuri kuliko mechi ya saa hiyo hiyo Dar, kwa kuwa jua letu linazama karibu na saa moja. Nitarudi kwenye hilo nikifika kwenye lenzi za mbali, maana linaokoa fedha nyingi.

Sasa hesabu ya uwazi wa lenzi, yaani tundu linaloingiza mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa sababu bila hiyo ulinganisho unakuwa wa maneno matupu. Chukua ukumbi wa mkutano wa kata wenye taa mbili tatu za dari. Tuseme kwa ISO 3200 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga) na uwazi wa f/5.6 kamera inakupa shata ya 1/30, yaani sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Mtu anayezungumza huku akipunga mkono, kwa 1/30 mkono unakuwa ukungu. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya huo, kwa hiyo unafika 1/125, na mkono unaonekana. Lenzi ya f/1.8 inaingiza karibu mara kumi, unapita 1/250. Ukumbi ni ule ule na kamera ni ile ile. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia.

Kuna wanaoamini kitulizo cha mtikisiko kilicho ndani ya lenzi kinatatua jambo hili. Kinatuliza mikono yako wewe. Mkono wa diwani anayepunga hakiugusi. Kwa jengo, kwa ziwa, kwa mzee aliyetulia kwenye kiti, kitulizo ni msaada mkubwa. Kwa watu walio kwenye shughuli, dawa ni uwazi mkubwa au ISO ya juu.

Ile 18-55 usiitupe

Mchana wa jua, 18-55 ukiifunga hadi f/8 inatoa picha ambayo gazeti haliwezi kuitofautisha na ya lenzi ghali. Gazeti huchapa picha ndogo kwenye karatasi inayonyonya wino, na kwenye simu msomaji anaiona kwa upana wa kiganja. Kwa maandamano ya Mei Mosi, kwa ufunguzi wa barabara, kwa foleni ya wapigakura, unayo tayari lenzi inayotosha. Ubaya wake ni mmoja tu na ni mkubwa: kwenye 18 inafungua f/3.5, lakini ukivuta hadi 55 imebaki f/5.6. Saa unayohitaji kumsogeza mtu karibu ndiyo saa mwanga unapokupungukia. Kwa hiyo swali si lenzi ipi ichukue nafasi yake. Swali ni ipi ifanye kazi pale inaposhindwa.

Hamsini na ishirini na nne, bega kwa bega

Canon EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015, na bei yake mpya Marekani ilikuwa karibu dola 130. Canon EF-S 24mm f/2.8 STM ilitoka mwaka 2014 kwa karibu dola 150. Bei za Kariakoo hupanda na kushuka na dola, ila uwiano wake ni huo: hizi mbili ziko kwenye mfuko mmoja. Kwa nini basi moja inajulikana na kila mtu na nyingine haitajwi?

Nadhani ni kwa sababu hamsini inafurahisha siku ya kwanza. Unampiga picha mdogo wako mlangoni, nyuma kote kumefifia, unajiona umevuka daraja. Ishirini na nne haikupi furaha hiyo. Picha zake siku ya kwanza zinafanana na za 18-55. Thamani yake unaiona ukiwa kazini.

Simama mita tatu kutoka kwa watu. Hamsini kwenye Canon inakuonyesha upana wa kama mita 1.3, yaani watu wawili wamebanana. Ishirini na nne kutoka pale pale inakuonyesha karibu mita 2.8: mtu anayezungumza, wanaomsikiliza kushoto na kulia, na bango ukutani linalosema mkutano unahusu nini. Mhariri aliyeko Dar hajui chumba hicho. Picha ya uso peke yake inamwambia kuna mtu. Picha yenye wasikilizaji na bango inamwambia kuna habari.

Kwetu nafasi ya kurudi nyuma mara nyingi haipo. Chumba cha zahanati ni chembamba. Sebule yenye msiba imejaa wanawake waliokaa mkekani na wewe umepewa kona karibu na mlango. Ndani ya meli kama MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo vizazi vya watu wa ziwa hili vimesafiri nayo, njia kati ya vyumba zinawapitisha watu wawili kwa kupishana mabega. Kwenye mtumbwi ndiyo kabisa: hatua moja ya kurudi nyuma uko ziwani. Ukiwa na hamsini tu sehemu hizo, unapata nyuso na mikono. Unakosa mahali.

Mfano mwingine. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, habari yenyewe ilikuwa utupu: mitumbwi imevutwa nchi kavu, nyavu zimekunjwa, meza za samaki hazina kitu. Utupu hauingii kwenye hamsini. Unahitaji lenzi inayoweza kuweka mtumbwi mbele, mvuvi aliyekaa pembeni yake, na ufukwe mrefu usio na watu nyuma, vyote kwenye fremu moja.

Ishirini na nne inasogelea kitu hadi sentimita 16 kutoka kwenye sensa. Unaweza kupiga kiganja chenye dagaa wachache, halafu ukainua kamera ukapiga mwalo mzima bila kubadili chochote. Hamsini inagoma ukifika chini ya sentimita 35. Na kwa uzito wa gramu 125, ishirini na nne inaifanya kamera iwe bapa kiasi cha kukaa chini ya koti la mvua. Watu hawaiogopi. Hilo kwenye msiba au kwenye mgogoro wa ardhi lina maana kuliko ukali wa picha.

Sasa upande wa hamsini, kwa haki. Mwanga wa f/1.8 ni karibu mara mbili na nusu ya f/2.8. Mkesha wa kanisani wenye balbu moja, mama anayepanga samaki kwa mwanga wa taa ya betri, ngoma ya usiku Ujiji: hapo ishirini na nne inaanza kukuomba ISO 6400, na kamera zetu za zamani kwenye ISO hiyo zinamwaga chenga. Kwa picha ya mtu mmoja ya makala ndefu hamsini haina mpinzani kwa bei hiyo, na inampa mzee heshima yake. Ishirini na nne ukiisogeza nusu mita kutoka usoni inakuza pua na kurudisha masikio nyuma. Usimpige mzee wa watu hivyo kisha ukamchapisha. Pia hamsini inakuweka mbali kidogo kwenye mkutano wa hadhara, ambako ishirini na nne inakulazimu uchuchumae mbele ya meza kuu huku wenzako wa video wakikupigia kelele uondoke.

Wapo wanaoitetea hamsini kwa jina la Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50. Ni kweli. Lakini alikuwa akitumia filamu ya milimita 35, ambayo upana wake ni sawa na sensa kubwa ya leo. Kuona alichokiona yeye kwa Canon yako ya sensa ndogo unahitaji lenzi ya kama milimita 31, na kwa Nikon kama 33. Mfano wake unaitetea lenzi pana, hauitetei hamsini yako.

Hapo wenye Nikon wana bahati. AF-S DX 35mm f/1.8G, ya mwaka 2009, inakusanya karibu kila ninachokitaka: mwanga ule ule wa hamsini, na upana wa kama mita mbili ukisimama mita tatu. Kama una Nikon na fedha ya lenzi moja ndogo, nunua hiyo uendelee na kazi. Canon hawakuwahi kutengeneza kitu kinacholingana nayo kwa bei hiyo kwa kamera hizi.

Uamuzi wangu kwa mwenye Canon: ishirini na nne kwanza, hamsini ya pili. Ugeuze mpangilio huo ikiwa kazi zako nyingi ni za usiku au makala za mtu mmoja mmoja.

Ukiweza kungoja: 17-50 ya f/2.8

Kama unaweza kuvumilia na 18-55 miezi kadhaa zaidi huku ukiweka akiba, kuna njia ninayoipenda kuliko zote hizo: lenzi moja ya kuvuta, 17-50, yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Inafanya kazi ya ishirini na nne kwa mwanga ule ule, inafika hadi 50, na hubadilishi lenzi. Kubadili lenzi Kibirizi, upepo ukisukuma mchanga na mtu akitikisa wavu wenye maji pembeni yako, ni kuikaribisha taka ndani ya kamera. Na dakika unayoitumia kubadili ndiyo dakika ugomvi wa bei unapoisha.

Mbili ndizo unazoweza kuzikuta mtumba kwa bei ya kuongea: Tamron SP 17-50mm f/2.8 ya mwaka 2006, isiyo na kitulizo, na Sigma 17-50mm f/2.8 EX DC OS HSM ya mwaka 2010, yenye kitulizo. Tamron ni nyepesi na kwa kawaida bei yake iko chini. Picha zake zina ukali mzuri, na wengi waliotumia toleo hili na lile la baadaye lenye kitulizo wanalipenda hili la kwanza zaidi. Mota yake inapiga kelele na wakati mwingine inahangaika kutafuta fokasi gizani. Sigma ni nzito, ila mota yake imetulia na kitulizo chake kinafanya kazi.

Kama unapiga picha tu, chukua Tamron, na fedha inayobaki uiweke kwa ajili ya betri ya akiba. Kama chombo chako kinataka na vipande vya video, na siku hizi vyombo vingi vinataka, lipia Sigma. Video ya mkononi bila kitulizo inachosha macho, na kelele ya mota ya Tamron inaingia kwenye sauti ya mahojiano.

Namba zenyewe ni hizi (IS na OS ni alama za kitulizo):

| Lenzi | Uwazi mkubwa | Uzito | Inasogelea hadi |
|---|---|---|---|
| Canon EF-S 18-55 IS STM | f/3.5-5.6 | g 205 | m 0.25 |
| Canon EF 50 STM | f/1.8 | g 160 | m 0.35 |
| Canon EF-S 24 STM | f/2.8 | g 125 | m 0.16 |
| Nikon AF-S DX 35 G | f/1.8 | g 200 | m 0.30 |
| Tamron SP 17-50 | f/2.8 | takriban g 440 | m 0.27 |
| Sigma 17-50 OS | f/2.8 | g 565 | m 0.28 |
| Canon EF-S 55-250 IS STM | f/4-5.6 | g 375 | m 0.85 |
| Canon EF 70-200 L | f/4 | g 705 | m 1.2 |

Za mbali

Vijana wengi wanaanza na lenzi ndefu kwa sababu inaonekana ni ya kikazi. Mimi naiweka mwisho, isipokuwa kwa anayelipwa kwa michezo.

Tangu timu ya Mashujaa ipande Ligi Kuu msimu wa 2023/24, Uwanja wa Lake Tanganyika umekuwa na kazi ya kweli kwa mpigapicha, na swali la lenzi ndefu limeacha kuwa la ndoto. Wenzetu wanaokuja kutoka Dar wanashika 70-200 ya f/2.8, lenzi ya kilo moja na nusu ambayo ikiwa mpya bei yake inanunua pikipiki. Usikate tamaa ukiitazama. Lenzi ile inalipiwa kwa ajili ya mechi za usiku. Mechi ya saa kumi jioni, jua letu likiwa bado juu, hata kwa f/5.6 unapata shata ya 1/1000 kwa ISO 400 au 800 bila taabu, na hiyo inatosha kusimamisha mpira hewani. Kwa hiyo Canon EF-S 55-250 IS STM ya mwaka 2013, ambayo kwenye sensa ndogo inafika sawa na 400, inakupa goli la upande wa pili wa uwanja kwa sehemu ndogo sana ya bei ile. Kaa karibu na kibendera cha kona upande ambao timu ya nyumbani inashambulia, na utapata nyuso wakati wa kushangilia.

Ikilinganishwa na Canon EF 70-200 f/4L ya mwaka 1999, ambayo mitumba yake ipo: ile inaingiza mwanga mara mbili ya 55-250 ikiwa imevutwa, inawahi fokasi, na imejengwa kustahimili. Lakini toleo hilo la kwanza halina kitulizo, uzito wake unakaribia mara mbili, na rangi yake nyeupe inatangaza uwepo wako kabla hujafika. Kwa mpira wa kila wiki nitaichagua. Kwa mwandishi anayekwenda uwanjani mara mojamoja na siku nyingine yuko Kasulu au Uvinza kwenye bodaboda, 55-250 inatosha na inambakizia nafasi begani.

Kaa mbali na Canon EF 75-300 isiyo na kitulizo, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Ikivutwa hadi mwisho picha zake ni laini mno, na mikono yako itamalizia kuziharibu. Kwa mechi za usiku chini ya taa, hakuna lenzi ya bei ndogo inayotosha. Ni afadhali wapigapicha wawili au watatu wachangie f/2.8 moja ya mtumba na kupangiana mechi, kwa maandishi, kuliko kila mmoja anunue lenzi yake isiyofaa.

Gombe, hifadhi yetu ya sokwe, naitaja kwa haraka. Sokwe ni weusi, msitu una kivuli, na fleshi hairuhusiwi. Lenzi ya f/5.6 chini ya miti ile inalemewa, ukubali ISO ya juu na usubiri sokwe atoke penye mwanga.

Jambo moja kuhusu lenzi ndefu linanigusa zaidi ya namba. Inakuwezesha kumpiga mtu picha bila yeye kujua. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi na wa Kongo kwa miaka mingi, na kambi ya Nyarugusu iko hapa. Hata ukiwa na kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani cha kuingia kambini, kibali hicho hakikupi uso wa mama aliyekimbia na watoto. Yeye ana sababu zake za kutotaka kuonekana, na pengine waliomkimbiza bado wanamtafuta. Ukiwa na lenzi fupi huna budi kumkaribia, kumwamkia, kueleza unatoka wapi na picha itakwenda wapi. Akikataa, utaona anakataa. Ukiwa mita 40 na lenzi ya 250 jichoni, hutajua. Hii ni sababu nyingine ninayowaambia wadogo zangu waanze na lenzi fupi: inawafundisha kuomba.

Ukinunua mtumba

Nenda na kamera yako mwenyewe, na kama lenzi inatumwa kutoka Dar kwa basi au treni, kubaliana na muuzaji kwamba sehemu ya fedha inatoka baada ya kuijaribu. Washa tochi ya simu, uipitishe nyuma ya lenzi, uangalie kupitia mbele. Vumbi kidogo halidhuru kitu. Nyuzi nyembamba kama mizizi ni fangasi, hiyo iache hata ikishuka bei. Tazama vipande vya chuma vya uwazi kama vina mafuta, maana vikinata picha zitakuwa na mwanga usiotabirika. Piga nayo picha kumi hivi za maandishi ukutani kwa uwazi mkubwa kabisa, karibu na mbali, uone kama fokasi inakaa inapotakiwa.

Wenye Nikon wawe waangalifu zaidi. Kamera za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ndani, hivyo lenzi za zamani kama 50mm f/1.8D zitafungika vizuri lakini fokasi itabidi uizungushe kwa mkono. Hata Tamron ile ya 17-50 ina matoleo ya Nikon yasiyo na mota, uliza kabla. Na lenzi mpya zenye herufi AF-P hazifanyi kazi kwenye kamera za zamani kama D3100, D5100 na D7000. Upande wa Canon onyo ni dogo: lenzi za EF-S hazifungiki kwenye kamera za sensa kubwa, hivyo kama unapanga kuhamia huko karibuni, hamsini utahama nayo na ishirini na nne utaiacha. Hilo naliandika kwa sababu ni hoja halali ya kuanza na hamsini.

Ukishainunua, adui ni unyevu wa masika na mchanga wa mwaloni. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vifuko vya silika ndani yake inatosha. Mchele usiutumie, unaacha vumbi la wanga kwenye pete za lenzi. Na nunua kofia ya kukinga jua, ile inayofungwa mbele ya lenzi wakati wa kupiga. Ufukwe wetu unatazama magharibi, kila picha ya jioni ya ziwani unapiga ukilielekea jua, na bila kofia weusi wa picha unakuwa kijivu.

Kabla hujatoa hata shilingi, unaweza kuzijaribu ishirini na nne na hamsini kwa lenzi uliyo nayo. Zungusha 18-55 hadi 24, bandika kipande cha gundi ya karatasi pete isizunguke, ufanye kazi hivyo wiki nzima. Wiki inayofuata ihamishie 50. Mwanga utakuwa mdogo kuliko wa lenzi yenyewe, ila upana ni ule ule, na upana ndio unaoutafuta. Kisha fungua picha zako zote zilizochapishwa mwaka huu, tazama taarifa za faili zinazoonyesha kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi, na uone zimejikusanya wapi. Zikiwa kati ya 18 na 30, unajua la kununua. Zikiwa zote zimebanana kwenye 55, basi hamsini ndiyo yako, na usinisikilize mimi.